Mlango Usioambiwa Karibu

Kwa dakika arobaini nzima Namkunda Mbwambo alikuwa akiwaeleza watu wa Ngulunde, taratibu na kwa mifano, kwamba mtu akibisha hodi wasimwitikie kabla hawajajua ni nani. Walimsikiliza kwa adabu zote. Walitikisa vichwa, wengine wakaandika, na mzee mmoja wa mstari wa mbele alisema "kweli kabisa" mara tatu. Ndipo Namkunda akaingiza mkono mfukoni, akabonyeza kitufe, na kwenye kipaza sauti alichokificha nyuma ya mlango mkubwa wa ukumbi ikasikika sauti ya Sefania Mshana, mwenyekiti wa mji: "Hodi jamani!"

"Karibuuu!" ukumbi mzima ukaitikia.

Watu mia tatu, na wote kwa pamoja kama kwaya. Mbaya zaidi, Sefania mwenyewe, aliyekuwa ameketi jukwaani bega kwa bega na Namkunda, naye aliitikia. Alijikaribisha mwenyewe kwa bashasha, kisha akabaki mdomo wazi.

Watu walicheka mpaka wakashikana mbavu. Namkunda aliwaacha wacheke. Miaka sita ya kazi hii ilikuwa imemfundisha kwamba kicheko kina mwisho wake, na somo huanzia hapo.

"Hapo mmeshavamiwa," alisema kilipokwisha. "Wote. Mpaka mwenyekiti."

Akatoa mfukoni kidude chenye kile kitufe na kukiinua juu. Kilikuwa kidogo, cha kutosha kiganjani, na watu walikiita kasuku. Kasuku alihitaji kusikia sauti ya mtu kwa sekunde kumi tu, akishaisikia aliweza kusema lolote kwa sauti hiyo, kwa kikohozi chake na kwa lafudhi yake. Kwenye kioo cha kamera ya mlangoni aliweza kuweka na sura. Sheria ilikuwa imewapiga marufuku wote isipokuwa wachache waliokamatwa na kupewa waelimishaji wa usalama kama Namkunda, na hao nao walitakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuiga sauti ya mtu, kama alivyomwomba Sefania asubuhi ile.

Kisha akawaeleza kuhusu milango yao wenyewe, kwa sababu watu wengi huishi na kitu miaka nenda rudi bila kujua kinavyofanya kazi. Mlango wa siku hizi haukuwa na ufunguo. Chini ya ngozi ya koo la mwenye nyumba kulipandikizwa kipokezi, ukubwa wa punje ya mtama, na koo hilo likitamka "karibu", mlango ulifunguka. Mhandisi aliyeubuni alisifiwa sana kwa kuheshimu mila zetu. Kasuku hakuweza kuudanganya mlango huo hata kidogo, maana mlango ulisikiliza koo hai, haukusikiliza sauti.

"Ndiyo maana wezi wameacha kuudanganya mlango," alisema Namkunda. "Wanakudanganya wewe. Na wewe neno linakutoka kabla hujafikiri, kwa sababu ulifundishwa adabu ukiwa mgongoni kwa mama yako."

Hakuna aliyecheka sasa. Wote walikuwa wamesikia habari za Kwakombo, mji wa bonde la pili, ambako mlinzi wa bwawa alibishiwa hodi kwa sauti ya dada yake. Alizikwa Jumamosi. Maji yote yalipakiwa kwenye malori, na watu wa Kwakombo walikuwa wakihama na magodoro vichwani.

Mwanamke mmoja akasimama katikati ya ukumbi, amejitanda kitenge cha kijani, mwembamba na mnyoofu licha ya miaka yake sabini na minne. Ngulunde nzima ilimjua. Alikuwa Bibi Nakiete, mlinzi wa ndiva, yaani bwawa kubwa walilolichimba mababu juu ya mlima na ambalo mji wote ulikunywa maji yake. Lango la ndiva lilikuwa ndani ya nyumba yake, na koo lake ndilo lilikuwa ufunguo.

"Mwalimu, nina swali," alisema. "Mwanangu Elirehema yuko nje mwaka wa tisa huu. Hapigi simu, haandiki, sijui kama anakula. Siku akisimama mlangoni kwangu akasema hodi mama, unataka nimuulize, wewe nani?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mimi sitaweza. Nakwambia mbele ya watu, usije ukasema sikukwambia."

Akaketi. Mkutano ule ulikuwa ukirushwa na vipaza sauti vya mji mpaka barabarani, kwa amri ya Sefania, ili hata waliobaki mashambani wafaidike. Bibi alikuwa amemtangazia kila aliye na masikio jinsi ya kuingia nyumbani kwake.

*

"Mshtue," alisema Sefania.

Walikuwa ofisini kwake, na chai ilikuwa imepoa mbele yao. Sefania hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu: wachungaji walikuwa wameyaona malori mawili ya matangi, hayana namba, yamefichwa kwenye korongo mwendo wa saa tatu kutoka Ngulunde.

"Elirehema alikuwa akisoma matangazo ya mgao wa maji kwenye redio yetu," aliendelea, akisukuma mezani kijiti cha kuhifadhia sauti. "Hii hapa. Mtilie kasuku wako. Kesho mchana nenda kabishe hodi. Atafungua, atakukuta wewe, ataumia, atajifunza. Mwenye sauti hayupo, kwa hiyo sheria inaniruhusu mimi niweke saini."

"Kwa nini tusimhamishe?"

"Amekataa. Na lango la ndiva halifunguki bila yeye, tukimhamisha mji unakaa na kiu. Mafundi wa kubadilisha neno la mlango nimewaita, wamenipa wiki sita. Unaweza kuwaambia wale wa korongoni wasubiri?"

Namkunda alikishika kile kijiti. Njia ya kushtukiza aliijua vizuri, aliwahi kuitumia. Mwaka wake wa pili kazini alimtega mzee mmoja kwa sauti ya marehemu mkewe, na mzee akafungua mlango huku analia kwa furaha. Alifaulu somo, tena kupita kiasi. Tangu siku ile hakumfungulia mtu yeyote, wala hakumjibu mtu, awe jirani, awe muuguzi. Siku walipouvunja mlango alikuwa na siku sita tangu afariki. Kwenye taarifa ya kazi waliandika kwamba zoezi lilifanikiwa, na Namkunda aliweka saini yake chini, jambo ambalo hajawahi kujisamehe.

"Nitakwenda leo," alisema akisimama. "Lakini sitajificha."

"Namkunda, akikataa je? Ni mji mzima huu!"

"Najua ni mji mzima, mwenyekiti. Lakini mlango ni wake."

*

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ingia, makande yako jikoni."

Namkunda hakusogea. "Umenifungulia bila kuniuliza."

"Nimekuona unapanda mlima tangu kule chini, nina macho," alisema Bibi Nakiete kwa kejeli kidogo. "Ingia, vumbi linaingia."

Hilo la vumbi halikuwa utani. Tangu tambarare ikauke, vumbi jekundu lilipanda Upare karibu kila alasiri, na aliyekutwa nje bila barakoa alikohoa damu wiki nzima. Namkunda akaingia, mlango ukajifunga. Akaweka kasuku mezani, kati ya sahani mbili za makande, na akasema yote bila kupindisha: malori, korongo, redio, saini ya Sefania.

Bibi akaacha kula. "Sauti ya mwanangu unayo humo?"

"Ninayo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mwenyekiti. Lakini haitoshi. Nimekuja kuomba ya kwako, na ukikataa nitaifuta hapa hapa mbele yako."

"Ukiifuta ukaondoka, itakuwaje?"

"Wakija na sauti yake utawafungulia. Umesema mwenyewe."

Bibi Nakiete alimtazama mgeni wake kama mtu anayepima kama mzigo huu anaweza kuubeba peke yake, na Namkunda akajilazimisha asiinamishe macho. Aliona aibu. Aliona pia kwamba hana njia nyingine ya haki, na akapiga moyo konde.

"Haya," bibi alisema mwishowe. "Lakini utakaa humu ndani pamoja nami. Mambo ya kujibanza nyuma ya ukuta kama mchawi sitaki. Nione kidole chako kinapobonyeza."

Namkunda akakiweka kidole pale bibi alipoweza kukiona, akabonyeza.

"Hodi mama," alisema Elirehema.

"Karibu mwanangu!"

Mlango ukafunguka. Nje hapakuwa na mtu. Vumbi likaingia hadi kwenye makande, na wanawake wawili wakabaki wanautazama ule uwazi. Bibi alikuwa amekiona kidole. Alijua kila kitu, na bado mdomo ulikuwa umemtangulia.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Kumbe ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo kwa kila mtu, bibi. Tuache?"

"Bonyeza."

Mara ya pili alifungua. Mara ya tatu pia. Mara ya tano alijiuma mdomo, mlango ukabaki umefungwa, lakini machozi yalikuwa yakimtiririka na alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye garini. Mara ya saba Elirehema alisema amechoka, ametembea siku mbili, miguu imevimba, na bibi akafungua. Mara ya kumi alinyamaza. Kufikia mara ya kumi na nane kidole cha Namkunda kilikuwa kizito kuliko jiwe, akakiondoa.

"Bibi, nadhani imetosha kwa leo."

"Imekutosha wewe." Sauti ya bibi ilikuwa imekauka. "Wewe unaogopa kuniumiza, nimekuona, na nakushukuru. Lakini maumivu ni yangu, nimeyakubali kwa mdomo wangu. Watu elfu mbili wanakunywa kutoka kwangu. Bonyeza, nawe acha kunitazama kama mgonjwa."

Namkunda akabonyeza. Kwenye mara ya thelathini na moja, Elirehema aliposema hodi mama, Bibi Nakiete alikohoa, akajinyoosha, akauliza kwa sauti kubwa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia nyumbani mle: "Wewe ni nani?"

Hawakushangilia. Bibi alisema tu kwamba ana kiu, Namkunda akamletea maji.

"Sasa chagua swali," Namkunda akamwambia. "Jambo ambalo Elirehema peke yake analijua. Lisiwe la kwenye redio wala la kusimuliwa na majirani. Hata mimi usiniambie."

"Ninalo."

"Na asipolijibu?"

"Haingii."

"Na mimi pia, bibi. Nikija nikasimama hapo, usinifungulie hivi hivi."

"Wewe na mimi swali letu ni lipi?"

Namkunda alikuwa amefungua kinywa kumjibu, simu ikalia. Alikuwa Sefania, amekata pumzi: ukumbini kulikuwa na watu zaidi ya mia wanataka kufundishwa, wanagombana nani aanze. Namkunda akaifuta sauti ya Elirehema, bibi akitazama, akaaga haraka haraka na kuteremka mlima. Swali lao hawakuliweka.

*

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, Namkunda alikuwa shuleni upande wa pili wa mlima akifundisha walimu, simu ilipoita. Jina lilikuwa la Bibi Nakiete. Alipoipokea hakusemeshwa. Alisikia chumba, pumzi ya mtu mmoja, na kwa mbali sauti ya mwanamume:

"Hodi mama. Mama, ni mimi Elirehema."

Namkunda alikuwa ameshatoka nje kabla hajajua anakwenda wapi. Aliwapungia walimu wawaite mgambo, akaanza kukimbia na simu sikioni. Barakoa aliiacha kwenye kiti.

"Wewe ni nani?" bibi aliuliza. Sauti haikutetemeka.

"Mama jamani, Elirehema mwanao."

"Siku unaondoka, ulirudi mara moja kutoka njiani. Ulirudia nini?"

Namkunda aliruka mtaro, akateleza, akaumiza goti, akaendelea.

"Mama, fungua kwanza, vumbi linakuja. Tutaongea ndani."

"Mwanangu angejibu," alisema Bibi Nakiete. "Ondokeni mlangoni kwangu."

Yakasikika makelele, vishindo vya miguu, mtu akifoka, gari likiunguruma na kufifia. Namkunda alitaka kupiga kelele za shangwe. Mama yule alikuwa ameweza! Alikuwa bado hajavuka daraja aliposikia kwenye simu sauti nyingine mlangoni, sauti ya mwanamke anayehema.

"Bibi! Bibi, ni mimi Namkunda! Tumewakamata wote. Hongera sana bibi, umefaulu! Fungua, nikuone kama uko salama."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na ule mkwaruzo wake wa kufundisha kutwa, na jinsi anavyovuta neno "bibi". Akakumbuka vipaza sauti vya Sefania, siku tatu za masomo, sauti yake ikimwagwa mabondeni kwa saa nyingi. Sekunde kumi tu zingetosha. Na walikuwa wamepanga vizuri: wa kwanza wa kukataliwa, wa pili wa kushukuriwa.

"Bibi, huyo si mimi!" Namkunda alipiga kelele kwenye simu. "Mimi niko darajani! Usifungue!"

"Bibi, usimsikilize huyo wa kwenye simu," ilisema sauti yake mlangoni, kwa upole. "Ndiyo mbinu yao."

Namkunda alisimama katikati ya daraja. Kwa mara ya kwanza maishani aliisikia sauti yake mwenyewe kama inavyosikiwa na wengine, na ingekuwa yeye, angeiamini ile ya mlangoni.

"Nawasikia Namkunda wawili," alisema Bibi Nakiete. "Na swali letu hatukuliweka. Kwa hiyo sina ninayemjua kati yenu." Simu ikakatika.

Namkunda alikimbia. Alipoukaribia mlima aliliona lori moja likiserereka kuteremka kwa kasi, na kwenye kona ya chini mgambo walikuwa wameshapanga magogo barabarani. Alisikia breki, filimbi, watu wakiamriwa walale chini. Hakusimama kutazama. Nyuma yake vumbi jekundu lilikuwa limeshaumeza mnara wa redio, na hewa ilianza kuwasha kooni.

Mlango wa Bibi Nakiete ulikuwa umefungwa. Kwenye chuma chake palikuwa na mikwaruzo mitatu ya nondo. Namkunda akaegemea ukuta, goti linavuja damu, akabisha kwa kiganja.

"Hodi bibi. Ni mimi."

"Namkunda wa tatu huyo," ilisema sauti ndani.

"Bibi, ni mimi kweli. Sasa wamekamatwa kweli. Mgambo wanapanda, nusu saa watakuwa hapa. Vumbi limefika, sina barakoa."

"Na wa kwanza alisema wamekamatwa, na yule Elirehema alisema vumbi linakuja."

"Tulikula makande," Namkunda alisema, akikohoa. "Ulibonyezewa mara thelathini na moja."

"Nimewasimulia majirani zangu wote. Nilikuwa najivuna." Ndani kiti kilivutwa, na bibi akazungumza kutoka karibu kabisa, mdomo ukiwa nyuma ya chuma. "Sikiliza, mwanangu, uwe nani uwe nani. Nyuma ya nyumba kuna banda la mbuzi. Mlango wake hauna neno, unasukuma tu. Kuna pazia nene na mtungi wa maji, lowesha kitambaa ujifunge puani. Mguu ulioumia nao uoshe, nasikia unavyosimama kwa mmoja. Kaa humo mpaka mgambo waje mimi niwaone kwa macho yangu. Nitakuwa naongea nawe kupitia ukutani, usiogope."

Namkunda alifungua kinywa ili abembeleze zaidi. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yale yale ambayo mwizi angeyasema, akayameza.

"Sawa bibi," alisema.

"Na kama ni wewe kweli," ikasema sauti ya Bibi Nakiete, "utafurahi kwamba sijafungua."

Namkunda alifurahi mpaka akalia, akazunguka nyumba akichechemea, na kwenda kukaa na mbuzi.